Daftari Bila Habari

Baba mdogo alikuwa na duka Masasi, kando ya barabara ya kwenda Newala. Halikuwa duka la kujivunia: sukari, chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya taa, betri za tochi, na kanga mbili tatu zilizoning'inizwa mlangoni kuwavuta wapita njia. Mezani palikuwa na kaunta buku ya jalada gumu, na kalamu imefungwa kwa uzi isije ikatembea. Humo yaliandikwa madeni. Masasi ni nchi ya korosho. Fedha huja kwa msimu, na miezi iliyobaki watu huishi kwa kuaminiana. Mteja alikuja Mei, akachukua kilo mbili za sukari, akasema, "Niandikie, Mzee," na kalamu ikafanya kazi. Korosho zikilipwa, mstari ulikatwa.

Utotoni nilidhani duka ni kile kitabu. Bidhaa zilikuja na kuondoka, kitabu kilibaki. Wakubwa nao walinithibitishia kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baba mdogo alipofariki, mwanawe mkubwa alirithi kila kitu: rafu, bidhaa, mizani, na daftari safi lisilopungua jina wala shilingi. Mwaka haukuisha, mlango ukafungwa. Hapakuwa na wizi. Kaka yangu huyo hakuwa mlevi wala mvivu, na kwa hesabu alimpita marehemu. Lakini aliwadai mwezi Juni watu waliozoea kulipa Novemba, wakaona wamevunjiwa heshima, wakahamia duka la jirani. Akawakopesha wengine ambao baba yake angewatazama kwa huruma na kuwaambia sukari imekwisha. Marehemu alijua mikorosho ya nani imezaa, mtoto wa nani anatuma fedha kutoka Dar es Salaam, nani hulipa akikumbushwa na nani hakumbushwi kamwe. Hayo hakuyaandika popote. Sote tuliamini kwamba daftari limebaki na habari imezikwa.

Uchumi wa habari, huu unaotajwa redioni na mikutanoni kana kwamba ulishuka juzi pamoja na simu janja, ulikuwepo Masasi kabla ya umeme. Kilichobadilika ni ukubwa wake. Leo baadhi ya kampuni tajiri kuliko zote duniani hazilimi wala hazichimbi. Kazi yao ni kukusanya mambo yanayojulikana, kuyapanga, kuyatafuta na kuyafikisha. Nchi nazo zimejikuta palepale aliposimama kaka yangu: daftari mkononi, sahihi kila mstari, na bado halisemi duka linaendaje.

Kitabu cha taifa

Daftari la nchi huitwa Pato la Taifa. Mwaka 1934 Simon Kuznets, mchumi aliyehamia Marekani kutoka iliyokuwa Milki ya Urusi, aliipelekea Seneti ya Marekani hesabu ya pato la nchi kuanzia 1929 hadi 1932. Mdororo Mkuu ulikuwa umewakaba watu, na serikali haikujua umekaba kiasi gani. Jibu lilitisha: pato lilikuwa limepungua karibu nusu. Ndani ya ripoti ileile Kuznets alionya kwamba ustawi wa taifa hausomeki kwenye tarakimu hiyo. Tarakimu ilisafiri dunia nzima. Onyo halikupata nauli.

Ilipofika Afrika, ilikutana na Phyllis Deane. Mwingereza huyu kijana aliajiriwa mwaka 1941 kujaribu hesabu hizo mpya kwenye makoloni, yakiwemo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Baada ya vita alikwenda vijijini mwenyewe. Huko aliona wanawake wakitafuta kuni, wakiandaa chakula na kupika, kazi ambazo kitabu hakikuwa na safu yake, na akashikilia kwamba kuziacha nje hakuna mantiki. Ikiwa mahindi anayokula mkulima nyumbani kwake yanakadiriwa na kuingizwa, kazi iliyoyafanya yalike imekosa nini? Hoja yake haikushinda. Kanuni zilizosambazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1953 ziliiacha nje kazi ya nyumbani isiyo na malipo, na mpaka leo kupika, kufua na kulea vimebaki nje ya mstari.

Mpaka huo ulivumilika zama za magunia. Gunia la korosho lina uzito, lina bei, na nikilichukua mimi wewe hulipati. Habari haina sifa hizo. Nikikuambia bei ya korosho Mtwara, umeshaijua, nami bado ninayo. Ikishajulikana na kila mtu, bei ya kuiuza inakaribia sufuri, na faida yake ndiyo kwanza inaanza. Basi thamani yake ipimwe wapi? Ipimwe kwenye kitendo: katika jambo ambalo lingefanyika vingine kama habari isingefika. Ni kipimo kigumu kukusanya, lakini tukikishika mkononi tutaona mahali daftari linapojikwaa.

Nahodha anageuza usukani

Jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, hula sadini kama Mwanza inavyokula dagaa. Samaki huyo huvuliwa usiku na kuuzwa alfajiri ufukweni, na kwa kuwa wavuvi hawakuwa na barafu, asipouzwa asubuhi hiyo ni uozo. Mchumi Robert Jensen alifuatilia masoko 15 ya ufukweni huko, na katika kumbukumbu zake imo asubuhi moja ya tarehe 14 Januari 1997. Mahali paitwapo Badagara, wavuvi 11 walimwaga samaki wao kwa kukosa mnunuzi. Asubuhi hiyohiyo, ndani ya kilomita 15, wanunuzi 27 walikuwa wanakaribia kuondoka mikono mitupu. Samaki walikuwepo, fedha zilikuwepo, njaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Njooni huku."

Kuanzia mwaka huo minara ya simu ilijengwa kando ya pwani, na mawimbi yake yakafika baharini. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini, wakiulizia bei ufukwe kwa ufukwe kabla ya kuamua watie nanga wapi. Jensen alipopiga hesabu, upotevu wa samaki, ambao ulikuwa asilimia 5 hadi 8 ya mavuno, ulikuwa umekoma. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Hakuna aliyeongeza wavu wala mashua.

Daftari la taifa lingeandika nini hapo? Lingeandika vocha. Simu iliyopigwa kutoka baharini ingekuwa mapato ya kampuni ya simu, na kwa mvuvi ingekuwa gharama, kando ya mafuta ya injini. Samaki waliookoka wangeingia kama samaki. Ule wakati nahodha alipoweka simu mfukoni akageuza usukani hauna mstari wake, ingawa yote mengine yalizaliwa hapo.

Karibu zaidi na nyumbani tuna mfano wetu. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, fedha za kutoka Nairobi kwenda kijijini zilikuwa zikisafiri kwenye bahasha, mkononi mwa dereva wa matatu au ndugu anayerudi nyumbani, na dua juu yake. Ukiitazama vizuri, M-Pesa haisafirishi noti hata moja. Inasafirisha habari: huyu amepunguziwa, yule ameongezewa. Noti zenyewe zinalala kwenye droo ya wakala, upande huu na upande ule.

Wachumi William Jack na Tavneet Suri walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa. Kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo, iwe ugonjwa, kupoteza kazi au mavuno mabaya, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Kaya zilizoitumia hazikutetereka, kwa sababu ndugu na marafiki walituma kidogo kidogo kutoka mbali. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote za nchi, na kwamba wanawake 185,000 hivi waliweza kuifanya biashara kuwa kazi yao kuu. Kitabuni tunakuta ada ya muamala. Sufuria iliyoendelea kuchemka mwezi ule baba alipolazwa hatuikuti.

Hata ada zenyewe zilichelewa kupata nafasi yake. Mpaka mwaka 2014 Kenya ilikuwa ikipima uchumi wake kwa mwaka wa kizio 2001, kama mshonaji anayemkatia kijana suruali kwa vipimo vya alipoingia darasa la kwanza. Mwaka 2001 M-Pesa haikuwa imebuniwa. Mwezi Septemba 2014 ofisi ya takwimu ilihamia mwaka wa kizio 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa kuliko ulivyodhaniwa kwa asilimia 25. Kenya ikaamka ikiwa nchi ya kipato cha kati. Usiku ule hakuna mama wa soko la Gikomba aliyeuza shati moja la ziada.

Mali ya vibwengo

Hayo ni makosa ya kutoona. Yapo na makosa ya kuona kisichokuwepo.

Mwezi Julai 2016, ofisi ya takwimu ya Ireland ilitangaza kwamba katika mwaka 2015 uchumi wa nchi ulikuwa umekua kwa asilimia 26. Kasi ya namna hiyo huwa ya nchi iliyogundua mafuta. Ireland haikugundua chochote. Sehemu kubwa ya maajabu hayo ilitoka kwa kampuni chache za kimataifa zilizohamishia huko, kwa karatasi, umiliki wa hataza zao na haki nyingine za ubunifu. Kiwanda kikihama kinahitaji meli na miaka. Hataza huhama kwa saini, na mapato yake yote huifuata. Mchumi Paul Krugman aliuita muujiza huo uchumi wa leprechaun, wale vibwengo wa hadithi za kale za Ireland wanaoficha vyungu vya dhahabu. Wenye takwimu wakabidika kubuni kipimo cha pili, kilichochujwa, ili wananchi waweze kujua hali yao halisi.

Weka Ireland na Badagara kwenye mizani moja. Habari ileile inayokataa kuonekana ikiwa kwa wavuvi, hung'ara ikiwa kwa mawakili. Daftari halijali inamsaidia nani. Linajali imefungiwa mlango na kuwekewa bei au la. Ndiyo maana kijana wa Nairobi anayechora mistari kuwazunguka watembea kwa miguu kwenye maelfu ya picha, ili mashine ijifunze kumtambua mtu, huingia kwenye hesabu za Kenya kwa ujira wake wa saa tu. Akili iliyotokana na macho yake huandikwa mali ya kampuni, kwenye nchi ambayo kampuni imechagua kuiandikisha.

Vya bure vinagharimu nini?

Kuna habari ambayo haina mlango wala bei. Encyclopaedia Britannica ilianza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768. Mwaka 2012 wachapishaji walitangaza kwamba toleo lile la juzuu 32 halitachapwa tena. Miaka yote hiyo kila seti iliyouzwa ilikuwa pato la karatasi, wino, wahariri na, kwa miaka mingi, mawakala waliopita nyumba kwa nyumba. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, huandikwa na watu wa kujitolea na kusomwa bure, kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kigoma ambaye hangeweza kuota kununua juzuu moja sasa anasoma zote na zaidi, na kitabu cha taifa kinarekodi kwamba biashara ya kamusi elezo imekufa.

Erik Brynjolfsson na wenzake walijaribu kuziba pengo hili kwa njia ya sokoni: uliza bei. Badala ya kumuuliza mtu angelipa ngapi, walimuuliza angelipwa ngapi ili aache, na baadhi ya washiriki walilipwa kweli na kunyimwa huduma kweli. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019, Mmarekani wa katikati alidai dola 40 hadi 50 hivi ili akae mwezi bila Facebook, na zaidi ya dola 17,000 ili akae mwaka mzima bila mitambo ya kutafutia habari kama Google. Huduma zote mbili hazimdai senti.

Ni jaribio la busara, ila mfanyabiashara yeyote ataona ufa wake. Bei anayotaja mtu hutegemea mfuko wake. Muuguzi wa zahanati ya Nanyumbu anayetafuta kwenye simu dalili asizozizoea angekubali kuachana na Google kwa sehemu ndogo ya fedha alizodai Mmarekani, kwa sababu kwake laki moja ni fedha nyingi. Je, habari imemfaa kidogo? Pengine imeokoa mgonjwa. Kipimo kinachouliza bei huwasikia wenye nacho kwanza, na kwa hilo hakitofautiani sana na daftari la zamani.

Saa ya kazi

Kutoka thamani ni hatua moja kwenda tija, yaani kile kinachopatikana katika saa moja ya kazi. Mwaka 1987 Robert Solow, mchumi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, alitania gazetini kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Mzaha uliuma kwa kuwa ulikuwa kweli: ofisi za Marekani zilikuwa zimejaa kompyuta, na tija ikijikokota.

Miaka mitatu baadaye mwanahistoria wa uchumi Paul David alijibu kwa kisa cha umeme. Thomas Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Kufikia 1899, mota za umeme zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyoendesha viwanda vya Marekani. Kiwanda cha mvuke kilikuwa na injini moja kubwa iliyozungusha mhimili mrefu darini, na kutoka hapo mikanda ilishuka hadi kwenye kila mashine. Kila kitu kilibanwa karibu na mhimili. Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi waling'oa injini, wakapachika mota moja kubwa palepale, na mikanda wakaiacha. Faida kubwa ilisubiri mpaka miaka ya 1920, walipoipa kila mashine mota yake na kujenga majengo mapya ya chini, mashine zikipangwa kwa kufuata kazi. Kompyuta nazo zilifanya hivyohivyo: tija ya Marekani ilichangamka kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kisha ikapoa tena muongo uliofuata.

Ofisi nyingi tunazozijua bado zina mikanda darini. Fomu inajazwa kwenye kompyuta, inachapwa, inagongwa muhuri, inabebwa na tarishi hadi chumba cha tatu, na huko mwingine anaiingiza upya kwenye kompyuta yake. Ukihesabu kompyuta, ofisi imeendelea. Ukimuuliza mwananchi aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, atakupa tarakimu nyingine.

Mkubwa wa kazi naye hupenda kinachohesabika. Mwanzoni mwa 1982, wakuu wa mradi wa kompyuta ya Lisa katika kampuni ya Apple waliamua kila mtaalamu ajaze fomu kila wiki akisema ameandika mistari mingapi ya programu. Bill Atkinson, mmoja wa mafundi wao hodari, alikuwa ametoka kuandika upya sehemu ya programu ya kuchora. Ilikuwa fupi zaidi, na ilikwenda kasi karibu mara sita. Ilipofika sehemu ya mistari, akaandika: kasoro 2,000. Baada ya wiki chache wakaacha kumpa fomu. Kazi yake bora ilikuwa ya kuondoa, na fomu ilijua kujumlisha tu.

Sisemi daftari litupwe. Kaka yangu asingefika mbali zaidi bila kaunta buku. Angefunga duka mapema. Lakini kila kipimo kina swali kilichotengenezewa. Pato la Taifa linajibu: nini kimeuzwa, kwa bei gani? Ukilitaka likuambie mvuvi alijua nini au mgonjwa alisaidiwaje, halitakataa. Litakujibu swali lake lenyewe kwa sauti ileile ya uhakika, nawe utapanga bajeti juu yake. Maswali ya habari yanahitaji watu wa kwenda kuuliza: samaki wangapi hawakumwagwa, sufuria ngapi hazikuzimwa, saa ngapi mwananchi hakukaa kwenye benchi. Jensen alifuatilia fukwe 15. Deane alikwenda vijijini. Hakuna aliyeyapata hayo ofisini.

Miaka mingi baada ya duka kufungwa, nilikwenda Masasi nikamkuta mama mdogo, mjane wa mwenye duka, amekaa uani akibangua korosho. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, tukazungumza habari za zamani. Nilipolitaja daftari alicheka, na bila kuinua macho akaanza kuwataja wateja mmoja mmoja: huyu hulipa malipo ya pili ya korosho, huyu hulipa kwa kuku, huyu hana kitu lakini mama yake hakubali kudaiwa, huyu akikwambia kesho ujue ni mwakani. Kumbe walikuwa wakipita uani kwake kwanza. Huko walimweleza za ugonjwa, za mahari, za mtoto aliyepata kibarua Dar es Salaam, ndipo wakazunguka mbele kukopa. Usiku akila na mumewe alimpa zote.

Nikamuuliza kwa nini hakumpa mwanawe.

"Hakuniuliza, baba," alisema, akichukua korosho nyingine. "Yeye alikuwa na daftari."